Dawa Niliyoiita ya Kidonda

Siku tuliyotoka hospitalini Homa Bay tulikuwa wanne wa nyumba moja. Nilikuwepo mimi, kifungua mimba. Alikuwepo mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu, mwalimu wa chekechea, mkono wake wa kulia ukiwa umening'inizwa kifuani kwa leso. Alikuwepo ndugu yetu wa kati, mwendesha bodaboda wa Migori mjini, aliyebeba beseni, chupa ya chai na blanketi kama mtu anayehama. Na alikuwepo shangazi yetu, dada ya baba, ambaye sisi Wajaluo humwita Waya. Wa tano hakuwa wa kwetu. Alikuwa kijana muuzaji wa duka la dawa karibu na stendi, mwenye kofia nyeupe ya kufumwa, aliyezungumza Kiswahili kizuri kutushinda sote. Nawataja kwa sababu baadaye, tulipoulizana nani aliambiwa nini kuhusu dawa ile, ilibidi tuanze kwa kukumbuka nani alikuwa amesimama wapi.

Mdogo wangu alikuwa ametolewa uvimbe kwapani. Ulianza kama punje ya harage, akaunyamazia, ukafika ukubwa wa limau ndipo akaniambia. Majibu ya maabara yalirudi bila lile neno tuliloliogopa, na mimi nilipiga magoti pale pale koridoni, mbele ya watu. Lakini baada ya upasuaji lilibaki jambo jingine. Kutoka kwapani hadi kwenye kiwiko, upande wa ndani, alisema kunawaka kama mtu anapitisha pasi ya moto, anaiondoa, anairudisha. Kidonda chenyewe hakikumsumbua sana. Kilichomsumbua ni ngozi nzima isiyo na kidonda. Nguo ikigusa hapo anakunja uso. Upepo wa dirishani ukigusa hapo anakunja uso.

Alikuwa na mwezi mmoja na siku chache kabla shule hazijafunguliwa. Mwalimu mkuu alimwambia kwa upole kwamba atamshikia nafasi hadi siku ya kwanza ya muhula, si zaidi. Mwalimu wa chekechea asiyeweza kuinua mkono hawezi kuandika ubaoni, hawezi kumfunga mtoto vifungo, hawezi kumbeba anayelia. Mimi niliacha shule darasa la saba ili huyu asome. Mkono ule ndio ulioandika kila mtihani ambao vyeti vyake tunavitunza sandukuni. Niliutazama ukiwa ndani ya leso, nikajiambia utarudi kazini, nikose nini nisikose nini.

Dirisha la dawa la hospitali lilikuwa na dawa mbili kati ya tatu zilizoandikwa. Ya tatu tukaambiwa tukaitafute nje. Ndiyo tukafika kwenye lile duka. Mdogo wangu na ndugu yetu walikaa kwenye benchi nje kivulini. Mimi na Waya tukaingia.

Yule kijana alisoma karatasi, akageuka nyuma na kumwita mwenzake aliyekuwa stoo.

"Ile ya kifafa, ya ganda la njano, imebaki?"

Waya alinishika mkono juu ya kiwiko. Alinibana hadi nikasikia kucha.

Kijana akarudi na kikasha. "Mama, hii aanze moja kabla ya kulala, siku tatu, halafu aongeze kama ilivyoandikwa. Asiiache ghafla. Ni dawa ya kifafa lakini siku hizi madaktari..."

"Funga tu, mwanangu," Waya akasema. "Tuna safari."

"Nilitaka kuwaeleza kwamba..."

"Tumeelewa. Funga."

Akafunga. Alikuwa kijana mwenye adabu na foleni ilikuwa imefika mlangoni. Kama tungemwacha amalize sentensi moja tu, nisingekuwa na la kuandika hapa. Lakini kwetu ugonjwa ule hautajwi mbele za watu, na sisi wawili tulikuwa na sababu yetu.

Kabla hatujatoka Waya aliniambia kwa Kijaluo, "Kwa hiyo kimemfikia na yeye. Daktari amemwona, amemhurumia, hakutaka kutuambia."

Nilitoa ile karatasi ya maelezo ndani ya kikasha, nikaikunja ndogo kabisa na kuitia kwenye sidiria. Vidonge nikavimimina kwenye chupa tupu ya dawa ya kikohozi niliyokuwa nayo kwenye kapu. Kikasha nikakitupa jalalani.

Sababu yetu ilikuwa mama. Baba alikufa mapema, na mama alitulea peke yake pale Uriri kwa kulima na kuuza sokoni. Alikuwa na kifafa. Kilimjia mara chache, na kilipomjia alikuwa anajua dakika moja kabla. Alikuwa anakaa chini, ananiita mimi, ananiambia nifunge mlango. Kati yetu watoto mimi peke yangu ndiye niliyejua, kwa sababu nilikuwa mkubwa. Siku moja asubuhi hakupata ile dakika. Alikuwa mbele ya mafiga. Niliposikia nikakimbia jikoni, nikamvuta motoni peke yangu. Majirani watatu walifika mlangoni wakasimama pale pale, maana mdomo wake ulikuwa na povu, na watu wa kwetu wengi waliamini povu lile linaambukiza. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Aliishi wiki moja hospitalini.

Kabla ya matanga, Waya alitengeneza hadithi nyingine. Alikwenda kwa wale majirani mmoja mmoja, akawasihi kama anavyosihi mtu anayeombea maisha yake, na sijui aliwapa nini lakini walinyamaza. Hadithi ilikuwa hivi: mtoto mdogo alikuwa analia njaa, kaka yake aliyeachiwa ampembeleze alikuwa ameenda kucheza, mama akaharakisha uji, akateleza, akaangukia moto. Watu waliiamini kwa sababu ilikuwa na vitu vidogo vidogo vya kweli ndani yake. Waya alinikalisha chini akaniambia, "Watu wakija kuposa huuliza kwanza habari za ukoo. Wakisikia neno lile, wewe na huyu mdogo hamtaolewa, na kaka yenu hatapewa mke. Kaa na hili tumboni." Nikakaa nalo. Mdogo wangu alikuwa na miaka minne, ndugu yetu tisa.

Basi fikirieni nilivyotoka katika duka lile.

Nje, ndugu yetu alisimama na beseni lake. "Mmepata?"

"Tumepata."

"Hizi ni za nini?" mdogo wangu akauliza alipoona chupa ya kikohozi. "Mimi sikohoi."

"Za kidonda," nikasema. "Zikikaushe haraka."

Aliamini. Kwa nini asiamini? Daktari alikuwa amemwambia tu kwamba amemwandikia za maumivu, na zile nyeupe mbili tulizopewa dirishani alijua ni za maumivu. Za njano nilizipa jina mimi.

Nyumbani Uriri nilimlaza chini, kwenye godoro, badala ya kitandani. Nilimwambia kitanda kinalia. Nilimkataza jikoni. Nilimkataza kisimani. Akienda chooni namfuata, nasimama nje nikijifanya natazama kuku. Nilikuwa nimesikia zamani kwamba mtu akianguka huwekewa kijiko kati ya meno asijiume ulimi, kwa hiyo nilichukua mwiko mdogo, nikauzungushia kitambaa safi, nikawa natembea nao ndani ya mfuko wa aproni.

"Dada," akaniuliza siku ya pili, "huo mwiko ni wa kunichapa?"

"Ukiwa msumbufu."

"Mimi ni mgonjwa. Mgonjwa hachapwi."

"Mgonjwa hukaa alipoambiwa akae."

"Unanilinda kama nyanya zako za sokoni. Bado kunifunika na gunia."

Siku ya nne na ya tano, vidonge vilipoongezwa, alianza kuyumba. Akisimama anashika ukuta. Akizungumza anapotea katikati ya sentensi, anacheka, anasema kichwa kimejaa pamba. Anasinzia mchana, kichwa kikianguka kifuani. Mimi niliyaona yote hayo. Sikujua kwamba ni dawa inayofanya hivyo siku za mwanzo. Nilidhani ni ule ugonjwa wenyewe unajitokeza, na nikawa namwongezea ulinzi. Nilihamisha biashara yangu: badala ya kushinda sokoni nikawa naweka meza ya nyanya na omena, dagaa wa ziwani, mbele ya nyumba, ninapoweza kumwona kupitia mlangoni.

Na bado, sitasema zilikuwa siku mbaya. Miaka mingi hatukuwa tumekaa pamoja mchana kutwa. Asubuhi nilikuwa nachemsha maji, namwogesha, nikipita mbali na ule mkono, nikiuachia yeye mwenyewe aumwagie maji kwa kikombe, kidogo kidogo. Nilimsuka. Alikuwa anakaa kati ya miguu yangu kama zamani, na mimi namwuliza wanafunzi wake wanavyofanya, naye ananiigizia mmoja asiyetaka kusema herufi yoyote isipokuwa ile ya kwanza ya jina lake. Nilicheka hadi nikakosea mstari nikausuka upya.

"Dada, ungekuwa mwalimu wewe."

"Ningewachapa wote kwa mwiko."

"Ungewapikia kwanza."

Katikati ya wiki ya pili ule moto ulianza kupungua. Alinionyesha yeye mwenyewe: alichukua ncha ya leso akaipitisha taratibu chini ya mkono, kutoka kwenye kiwiko kupanda juu. Akafumba macho, akangoja. Kisha akaipitisha tena. Alivaa blauzi yenye mikono siku ile, akatembea nayo uani kama bibi harusi. Muuguzi alikuwa amemfundisha zoezi la kupandisha vidole ukutani, na kila asubuhi alisimama ukutani akapandisha vidole kama buibui, akaweka alama ya mkaa pale vilipoishia. Alama zilipanda. Mkono ulikuwa unakwama mabegani, kisha shingoni, kisha masikioni. Ndugu yetu, ambaye ni Msabato, alikuja Jumamosi baada ya kanisa, akaona zile alama, akauliza kama tunapima urefu wa mtoto.

"Tunapima mwalimu," nikamwambia.

"Basi kesho keshokutwa ataandika darini."

Alikuwa ameleta sabuni na mkate, na kama kawaida yake aliuliza kama kuna kazi. Ndugu yetu huyo hajawahi kufika nyumbani kwangu bila kuuliza kama kuna kazi. Nilimpa kuni apasue.

Kisha nyuzi zikatolewa kwenye zahanati yetu. Kidonda kilikuwa kimeshikana vizuri, mstari mmoja mwembamba. Mhudumu alisema kimepona. Tulirudi tukiwa na furaha, nikachinja kuku.

Sikujua kwamba siku ile ile mdogo wangu aliacha vidonge vya njano. Mimi nilikuwa nampa chupa mkononi asubuhi, mchana na jioni, na yeye anachukua kwa maji. Lakini baada ya nyuzi kutolewa alianza kuchukua kidonge, kukiweka kwenye kiganja, na kukirudisha chupani nikigeuka. Hakuwa ananificha kwa ubaya. Alichoka na ile pamba kichwani, alitaka kichwa chake kirudi kabla ya shule, na kidonda kilikuwa kimepona. Dawa ya kidonda kilichopona ya nini?

Siku ya tatu nilimkuta asubuhi amekaa mlangoni, amejifunga leso chini ya makwapa, mkono wa kulia ameutenga na mwili kama si wake. Alikuwa anatoka jasho ingawa jua lilikuwa bado. Hakuwa amelala. Macho yalikuwa mekundu na midomo mikavu.

"Imerudi," akasema. "Imerudi na wenzake."

Nilijaribu kumwekea leso mabegani akalia. Sikumsikia akilia hivyo hata alipotolewa drip ya mwisho. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na mimi nilipoona mtetemeko ule nilitoa mwiko mfukoni, nikapiga magoti mbele yake, nikamshika kidevu.

"Unafanya nini?"

"Fungua mdomo."

"Dada, unafanya nini?"

Nilirudisha mwiko. Nikaenda kuitazama chupa, na vidonge vilikuwa vingi kuliko vilivyopaswa kuwa.

"Kwa nini umeacha hizi?"

"Kidonda si kimepona?"

"Uliambiwa uache?"

"Uliniambia ni za kidonda. Umeniambia wewe."

Nilisimama na ile chupa. Zilikuwa zimebaki siku tisa shule zifunguliwe. Alama za mkaa zilikuwa ukutani nyuma yake, na yeye hakuweza kuuinua mkono kufikia hata ile ya kwanza. Nilimpigia ndugu yetu simu, na kabla chai haijachemka alikuwa amefika.

Daktari wa Homa Bay, mama mmoja mtu wa Meru aliyependa kuvaa viatu vya raba, alimkumbuka mara moja. "Mwalimu wangu. Mbona umerudi na sura hiyo?" Alimsikiliza. Aligusa mkono kwa pamba, kisha kwa ncha ya kalamu, akimwuliza kila mara unasikia nini. Kisha akauliza kuhusu dawa.

"Nilizimaliza zile nyeupe. Zile za njano niliziacha kidonda kilipopona."

"Kwa nini kidonda?"

"Ni za kidonda."

"Nani alikwambia ni za kidonda?"

Mdogo wangu hakunitazama. Hilo nalikumbuka. Alitazama kalamu ya daktari, akanisubiri niseme mwenyewe.

"Ni mimi," nikasema. "Dukani walisema ni za kifafa. Sikutaka ajue."

Daktari aliweka kalamu chini. Nilidhani atanifokea. Nilipoinama kuokota leso iliyoanguka, mwiko ukatoka mfukoni ukagonga sakafu, na kitambaa chake kikafunguka. Wote watatu tukautazama.

"Na huo?"

"Wa kumwekea mdomoni akianguka."

"Mama," daktari akasema, taratibu, "hata kwa mwenye kifafa, usimwekee kitu mdomoni. Utamvunja meno. Mlaze ubavu, umngoje. Lakini huyu hana kifafa. Sijaona kifafa kwake hata kidogo."

"Sasa kwa nini dawa yake?"

Akavuta karatasi, akachora mkono, na ndani ya mkono akachora nyuzi. Alisema kwapani kuna mishipa ya fahamu, na ule uvimbe ulikuwa umelala juu yake, na kuutoa ilibidi mishipa ile isogezwe na mmoja uumie. Mshipa ulioumia hauachi kupiga kelele hata kidonda kikipona. Unaendelea kuita moto, moto, pasipo na moto. Dawa za kawaida za maumivu haziufikii vizuri. Zile za njano zilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye kifafa, kutuliza kelele za kichwani, na baadaye madaktari wakaona kwamba zinatuliza pia mishipa inayopiga kelele mwilini baada ya kukatwa.

"Kizunguzungu kilikuwa ni dawa," akasema. "Kinapungua mwili ukizoea. Na ulipoiacha ghafla hivyo, mwili ulishtuka. Ndiyo maana jasho, ndiyo maana kutetemeka. Ingeachwa polepole. Kosa langu pia. Ningekueleza mwenyewe, nisiandike tu."

Aliandika upya, kwa herufi kubwa, na safari hii karatasi akampa mdogo wangu mkononi. "Hii ni yako. Usimpe dada."

Mdogo wangu alicheka kidogo. Mimi sikuweza.

Tuliketi kwenye benchi la simenti nje ya jengo la wagonjwa wa nje. Ndugu yetu alikuwa ameenda kununua maji. Mdogo wangu alimeza kidonge kwa mate tu, hakusubiri.

"Ulidhani nina kifafa."

"Ndiyo."

"Mtu haamki akadhani mdogo wake ana kifafa kwa sababu ya kijana wa dukani. Ungemwuliza. Wewe huwauliza watu hata bei ya vitu usivyonunua." Aliugeuza mwili wote ili anitazame, kwa sababu shingo peke yake ilikuwa inavuta ule mkono. "Nani alikuwa nacho kwetu?"

Nilimwambia. Nilianza na ile dakika moja ambayo mama alikuwa akiniambia nifunge mlango, kwa sababu hiyo ndiyo niliyokuwa naipenda. Alikuwa ananiamini kwa dakika ile. Kisha nikamwambia ya mafiga. Nikamwambia majirani walivyosimama. Nikamwambia Waya alivyotunga ile habari ya uji na kwa nini.

Mwanamke mmoja alipita na samaki kwenye mfuko wa plastiki, akatusalimu, tukaitikia.

"Kwa hiyo hakuwa ananiharakishia uji."

"Hapana. Ulikuwa umelala. Ulilala mpaka watu wakaja kukuchukua."

"Sikuwa nalia."

"Hukuwa unalia."

"Mimi sijawahi kuomba kuongezewa chakula. Toka nikiwa mdogo. Hata shuleni, hata chuo. Ulijua hilo?"

Ningeweza kusema sikujua. Lakini nilikuwa nimemlea. Nilimwona akiwa na miaka sita akikwangua sahani na kuinamisha macho, na nikajua kwa nini, na nikawa namwongezea bila kuombwa ili nisilazimike kusema.

"Nilijua," nikasema.

Alinisogelea kwa upande wake wa kushoto, ule usiouma, akaniegemea. Sikutarajia. Nilidhani atahama benchi. Uzito wake wote ulikuwa begani mwangu na alikuwa anapumua kwa kukatakata.

"Mwambie na yeye," akasema. Alikuwa anamtazama ndugu yetu akirudi na chupa tatu za maji, akitembea haraka kama aliyechelewa. "Mimi niliambiwa nilikuwa nalia tu. Yeye aliambiwa ndiye aliyeachiwa kunishika akaenda kucheza. Mtoto wa miaka tisa. Umewahi kumwona amekaa?"

Nilimtazama. Alikuwa tayari anauliza kama twahitaji kitu kingine.

"Nitamwambia," nikasema.

"Wewe. Sio mimi."

Dawa ilifanya kazi tena, safari hii polepole zaidi. Kizunguzungu kilirudi na hakikunitisha. Nilimwacha ayumbe, nikamcheka naye akanicheka. Alirudi kitandani. Alirudi jikoni. Kila jioni alihesabu vidonge vyake mwenyewe. Siku ya kwanza ya muhula mkono ulifika masikioni, haukupita hapo, kwa hiyo aliandika kwenye nusu ya chini ya ubao, na alisema watoto waliona vizuri zaidi kwa sababu ndio urefu wao. Mwalimu mkuu hakusema neno. Kufikia katikati ya muhula aliweza kuvaa nguo yoyote. Daktari akaanza kumpunguzia, kidonge kimoja kila baada ya wiki kadhaa, na kila akipunguza tunangoja tuone kama moto utarudi. Mara nyingine unarudi kidogo siku ya baridi. Mara nyingi haurudi.

Nilikwenda kwa Waya nikamwambia nimesema. Alikuwa anachambua mboga. Hakuinua uso.

"Mlikuwa watoto watatu," akasema, "na mimi nilikuwa na mdomo mmoja wa kuwatetea. Nilisema kilichokuja."

"Najua, Waya."

"Sikufikiri wangekibeba. Watoto husahau."

Nilimsaidia kumalizia mboga. Nilipotoka aliniuliza kama nimeshamwambia mvulana. Nilimwambia bado. Alisema, "Huyo ndiye atakayeniuliza." Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Waya akiogopa mtu.

Hiyo ni miezi mitano sasa. Ndugu yetu huja Jumamosi baada ya kanisa. Mara mbili nilimwambia nataka kuzungumza naye, na mara mbili aliinuka akadhani nina mzigo wa kubeba. Kwenye simu siwezi. Jambo hili si la kusemwa mtu akiwa juu ya pikipiki kando ya barabara. Mdogo wangu hanisukumi. Ananitazama tu akiweka sahani mezani.

Jumamosi iliyopita alifika mchana. Nilimwekea chakula, nikamwambia hakuna kazi, akae tu. Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Nilikuwa na maneno yote, nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri nikioga. Alikula haraka, akaosha sahani yake mwenyewe, akatoka uani akaanza kurekebisha ua wa kuku ambao mimi sikumwomba. Nilisimama mlangoni nikimtazama mgongo. Ana miaka ishirini na tisa na ana mvi mbili nyuma ya sikio. Alipomaliza aliniaga, akaahidi kuja na misumari bora wiki ijayo, na mimi nikamwambia asante.